Siku Kumi na Saba Nje ya Mlango Wake: Wasifu wa Askofu Warin wa Estholm Anapostaafu

Mhashamu Warin, Askofu wa Estholm na Mtunza Muhuri wa Mfalme, anastaafu leo, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, baada ya kumtumikia Mfalme kwa miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa pia mchungaji wetu. Barua ya Baba Mtakatifu ya kumruhusu kuiweka chini fimbo ya uaskofu ilifika mwezi Agosti. Ruhusa ya Mfalme ilikuja wiki moja baadaye, pamoja na paja la paa lililotiwa chumvi kwa ajili ya karamu hii.

Naomba radhi kwa mapadre, kwa waheshimiwa wageni na kwa makarani wenzangu kwamba ni mimi niliyepewa kuandika maneno haya. Wapo hapa mezani wenye kalamu nzuri kuliko yangu. Nimechaguliwa kwa sababu moja tu: kati ya wote tulioingia naye katika Ofisi ya Muhuri, nimebaki peke yangu. Mtanivumilia, basi, palipo na upungufu.

Warin alizaliwa Tolleby, mtoto wa tano wa msaga nafaka, akafundishwa kusoma na makanoni, mapadre wa kanisa hili hili. Alipofika Ofisi ya Muhuri akiwa na miaka kumi na tisa, aliwekwa kuwa mwandishi wa hati. Kazi hiyo aliifanya kwa siku tisa. Mwandiko wake ulikuwa kama njia ya kuku matopeni, na karani mkuu wa wakati huo, mzee Bwana Ingram, aliuinua juu ili sote tuuone.

“Wewe Warin,” alisema, “kondoo mzima amekufa ili upate ngozi ya kuandikia, nawe unamfanyia hivi? Nenda kapike nta.”

Akaenda kupika nta. Alijifunza ichemke kiasi gani, rangi ya kijani ichanganywe lini, na pande mbili za muhuri zikandamizwe kwa nguvu gani ili sura ya Mfalme itoke na pua yake kamili. Tulimcheka sana. Miaka kumi na miwili baadaye ndiye aliyekuwa akitupa sisi ruhusa ya kwenda kula.

Mfalme alipomteua kuwa Mtunza Muhuri, na muda mfupi baadaye makanoni walipomchagua kuwa askofu, wengi walitabiri kwamba Estholm itamwona siku za Pasaka tu. Haikuwa hivyo. Kila mwaka baada ya mavuno aliomba majuma sita, akapanda nyumbu wake na kuzunguka parokia hata zile za mabwawani. Maaskofu wengi huwapa watoto Kipaimara wakiwa wameketi juu ya farasi, na watoto hupangwa chini kama mafungu ya ngano. Warin alishuka kwa kila mtoto. Kule Saltreth walikuwa mia tatu na kumi, mvua ikinyesha, na alipomaliza hakuweza kupanda tena. Alirudishwa kwa mkokoteni wa kabichi, akila mkate uliojazwa mikunga, samaki wa mabwawani, waliompa wanawake wa huko, na akasema ndiyo safari bora ya maisha yake.

Nyumba ya wakoma ya Holm, daraja la mawe pale Wendford, na shule ya watoto wa maskini iliyo nyuma ya ukumbi huu, vyote ni kazi yake. Hayo mnayajua. Lakini alipoambiwa kwamba wasifu huu utasomwa, aliniita na kunisihi nisiruke habari ya hati ya mfua vyuma. Nilimwomba aniepushe. Alisema bila habari hiyo atakuwa anaagwa mtu mwingine. Basi naisimulia, na mtaona punde kwa nini nilitaka kuepushwa.

Ilikuwa Kwaresima, miaka kumi na sita iliyopita. Edrik, mfua vyuma wa Hathersey, alikuwa na mbwa. Mlinzi wa msitu wa Mfalme alikuja kumkata mbwa huyo kucha za miguu ya mbele, kama sheria ya msitu inavyotaka ili mbwa asiwinde paa. Edrik alisema mbwa ni mzee na hana hata meno. Maneno yakawa ngumi, ngumi zikawa nyundo, na mlinzi akafa. Edrik alikimbia maili sita hadi hapa Estholm akashika pete ya mlango wa kanisa. Kila mtu katika nchi yetu anajua maana ya pete hiyo. Kwa siku arobaini hakuna mkono wa mtu uwezao kumgusa aliyeishika. Siku hizo zikiisha, anaweza kuungama mbele ya ofisa wa Mfalme, akaapa kuihama nchi milele na kutembea hadi bandarini akiwa na msalaba wa mti mkononi. Anapoteza kila kitu, lakini anabaki na uhai.

Mlinzi yule alikuwa ndugu wa kunyonya wa mshauri mmoja wa Mfalme, ambaye sitamtaja kwa kuwa amekwisha kufa. Siku ya ishirini na moja mshauri huyo aliingia Ofisi ya Muhuri akataka hati ya kumwamuru liwali wa Estholm amtoe Edrik kanisani na kumnyonga. Alisema Mfalme amekubali. Mimi ndiye niliyeiandika. Aliniambia pia niiweke katikati ya fungu la hati za asubuhi, wala si juu, na hilo nalo nililifanya. Sikuuliza kwa nini, kwa sababu nilijua kwa nini.

Wale msiofanya kazi ya muhuri lazima mjue jambo moja. Nta haisubiri. Ikipoa hupasuka, na hati iliyopasuka muhuri ni ngozi tu. Kwa hiyo hati za asubuhi hupigwa muhuri kwa mkupuo mmoja kabla ya chakula, karani akizipanga na Mtunza Muhuri akikandamiza, kwa kuaminiana. Siku ile zilikuwa thelathini na nane. Askofu hakusoma hata moja. Mpanda farasi aliondoka nazo adhuhuri.

Mezani, mshauri yule alimwinamia. “Nakushukuru, Baba Askofu, kwa ile ya mfua vyuma. Wengine wangesitasita, kwa vile kanisa ni lako.”

Askofu alikaa na kijiko mkononi. “Mfua vyuma gani?” akauliza, na kabla hajajibiwa, alikuwa amesimama.

Hakuweza kuandika hati ya kuitangua ile, kwani Muhuri ni wa Mfalme, na anayeupiga bila amri ya Mfalme ni msaliti. Aliufungia sandukuni kama ilivyo desturi anapoondoka, akanigeukia. “Osbert, tandika nyumbu wawili. Twende nyumbani.” Siku mbili na nusu za safari sikupata ujasiri wa kumwambia fungu lile lilipangwaje. Naye hakuuliza.

Tulipofika, liwali, Bwana Fulk Harnage, alikuwa tayari amesimama mbele ya mlango na watu kumi na wawili wenye silaha, hati mkononi. Ndani, Edrik alikuwa amekumbatia mguu wa altare. Watu wa soko walikuwa wameziacha bidhaa zao na kuja kutazama.

“Baba Askofu, unisamehe,” alisema Bwana Fulk, na nadhani alimaanisha. “Mimi nimetumwa. Huu muhuri si wako?”

“Ni wangu. Niliupiga kwa mkono wangu mwenyewe, Jumanne, kabla ya kula.”

“Basi naomba unipishe.”

“Nitakupisha, Bwana Fulk. Niache kwanza nimalize kazi yangu.”

Akaagiza kengele ipigwe. Makanoni kumi na wawili walitoka na mishumaa, na pale pale kizingitini, katika lugha ya kwetu ili kila muuza samaki aelewe, alisoma hukumu ya kuwatenga na Kanisa wote wanaovunja hifadhi ya altare: aliyeamuru, aliyeandika, aliyepiga muhuri, na atakayetekeleza. Aliyeamuru hakumtaja jina, alimwachia Mungu. Kisha akasema, “Aliyeandika: Osbert, karani. Aliyepiga muhuri: Warin, askofu.” Mishumaa ikazimwa kwa kugongwa chini. Alivua pete na kofia yake, akampa mkuu wa makanoni, akashuka ngazi mpaka chini kabisa, tuliposimama sisi wengine. Ndipo akamtazama liwali.

“Nafasi ya nne iko wazi,” alisema. “Jina la nani niliweke hapo?”

Mpiga upinde mmoja akamnong’oneza liwali, lakini sote tulisikia. “Bwana, mke wangu anajifungua mwezi huu. Nikitengwa, mtoto atabatizwa wapi?” Mwingine alisema tumbo linamsokota. Wa tatu alisema hata yeye linamsokota, tena lilianza mapema kuliko la mwenzake, na soko zima likacheka.

Bwana Fulk aliikunja hati. “Nitaandika kuuliza kama maneno yake yako sawasawa.”

“Andika,” alisema Askofu. “Ila jibu litachelewa kidogo. Mtunza Muhuri hayupo ofisini.”

Mtu aliyetengwa haingii kanisani, na Askofu hakujipunguzia hata inchi moja ya sheria hiyo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba kutimia zile arobaini. Kwa siku zote hizo alisimama nje ya mlango wake mwenyewe tangu sala ya asubuhi hadi ya jioni, kichwa wazi, na mvua ya Machi mnaijua. Nami nilisimama kando yake. Usiku tulilala katika banda la waashi. Hakuna aliyeruhusiwa kula nasi. Sheria huwaruhusu wake kula na waume zao waliotengwa, lakini Avice wangu, Mungu amrehemu, alisema yeye hajasoma sheria. Alikuwa akituwekea mchuzi wa mbaazi juu ya jiwe, akirudi nyuma hatua tatu na kunikemea kutoka huko.

“Umefuata kazi ya kalamu ili usilime kwenye matope,” aliniambia. “Haya, umeyaona matope?”

Siku ya nne nilimwambia Askofu ukweli, kwamba niliificha hati katikati kwa makusudi.

“Nilijua, Osbert,” alisema. “Huwa unaweka juu zile zenye mwandiko wako mzuri. Ile ilikuwa na mwandiko wako mzuri kuliko zote, nayo ilikuwa katikati.”

“Kwa nini basi hukunilaumu, Baba?”

“Nitakulaumu, ngoja nipate nafasi. Kwanza namalizana na mtu aliyetia muhuri hati thelathini na nane bila kusoma hata moja, kwa sababu alikuwa na njaa.”

Hakunilaumu kamwe. Ningependa angefanya hivyo.

Siku ya arobaini Edrik aliapa mbele ya ofisa wa Mfalme, akavalishwa gunia, akapewa msalaba wake wa mti. Wanaume wa Hathersey, jamaa za marehemu, walikuwa wamejipanga kando ya barabara, na sote tulijua wanangoja nini. Mtu aliyeapa akitoka barabarani hata hatua moja, yeyote anaweza kumwua. Askofu hakuwa na pete, wala kofia, wala mamlaka ya kumwamuru mtu yeyote. Alichofanya ni kutembea kando ya Edrik, upande walikokuwa wale jamaa, miguu mitupu kama yeye, maili tisa hadi mpaka wa jimbo. Nilifuata nyuma. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mpakani tuliketi watatu tukala mkate na vitunguu, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angekula na yeyote kati yetu. Edrik alilia, akauliza mbwa wake atakula nini. Askofu alimwambia mbwa yuko jikoni kwa askofu, na amekwisha kumwuma mpishi. Hana meno, alisema Edrik. Mpishi naye anasema hivyo hivyo, alijibu Askofu. Kisha Edrik akavuka mpaka akaenda.

Siku ile ile Askofu wa jimbo jirani alituondolea kifungo cha kutengwa, kila mmoja kwa fimbo saba mgongoni. Mfalme, habari ilipomfikia, alikasirika mpaka akacheka. “Askofu wangu kajifungia nje ya nyumba yake mwenyewe!” alisema. “Mwacheni hivyo hivyo.” Alimnyang’anya Muhuri kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Aliporudishiwa, Warin aliomba jambo moja: kwamba kuanzia sasa kila hati isomwe kwa sauti na anayeipiga muhuri, ikiwa mezani peke yake, nta ikipoa na ipoe. Makarani wapya mnaolalamika kwamba Ofisi ya Muhuri ndiyo ofisi yenye chakula baridi kuliko zote nchini, sasa mnajua sababu.

Mhashamu, kwa niaba ya wote waliokula chakula hicho baridi, nakushukuru. Nakushukuru kwa Saltreth na kwa daraja. Kwa lile ambalo hukunilaumu, sina maneno, naomba unisamehe kwa hilo pia. Watawa wa monasteri ya Stanhow wamekuandalia chumba chenye moto na dirisha la upande wa kusini. Tunakuombea uzee mpole, usingizi mrefu, na siku zisizo na haraka.

Limebaki moja. Hatujapata kusikia kama Edrik alifika ng’ambo. Mabaharia tuliwauliza miaka mingi, na hakuna aliyemjua. Kila asubuhi, katika kuwaombea watu kwa majina, Mhashamu amekuwa akimtaja miongoni mwa walio hai, na mara mbili padre msaidizi alipomhamishia kwa marehemu, Mhashamu alimrudisha. Kesho asubuhi hatakuwapo wa kumrudisha. Tumekubaliana, makanoni na makarani, kwamba jina hilo litabaki pale alipoliweka, nasi tutalitaja kwa zamu. Zamu ya kwanza nimeiomba mimi.

Osbert Pyk, karani, Ofisi ya Muhuri