Emlyn Bebb na Jina Lililobaki Mlangoni

Marehemu Emlyn Rhys Bebb aliagiza wasifu wake usomwe na dada yake, na usitiwe sukari. Kwa hiyo mliokuja kusikia kwamba alikuwa malaika mtatuvumilia. Alikuwa daktari wa mifugo.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika shamba la Cwm-glas, juu ya mji wetu huu wa Llanerwyn, katikati ya Wales, mtoto wa kwanza wa marehemu Goronwy na marehemu Blodwen Bebb. Theluji ilikuwa imefunga njia, mkunga akapandishwa kilimani kwa trekta huku akilalamika njia nzima. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto alitoka kimya, akisikiliza ng'ombe kupitia ukutani.

Alisoma shule ya msingi hapa Llanerwyn, kisha ya upili ng'ambo ya mto. Alipokuwa na miaka saba alimfunga gango kuku aliyevunjika mguu, kwa sindano ya kufumia ya Mama. Kuku akapona, ila akawa anatembea kwa kuzunguka kama anayetafuta kitu alichoangusha. Baba akaona huyo anafaa supu tu. Emlyn akakaa mezani amekunja mikono, akasema hawezi kumla mgonjwa wake. "Basi kaa na njaa, daktari," Baba akamwambia. Jina la daktari lilianza hivyo, kwa kejeli, likamganda. Mwaka 1982 alihitimu udaktari wa mifugo Liverpool, na Baba, ambaye hakuwahi kuomba radhi kwa mtu, siku hiyo alimchinjia kuku mwingine.

Alirudi nyumbani akafanya kazi chini ya mzee Penri Jarman, aliyekuwa na kliniki ya wanyama kwenye barabara kuu. Mwaka 1989 Jarman alimuuzia. Wengi wenu mnajua biashara ya mnadani kwetu: muuzaji humrudishia mnunuzi pesa kidogo mkononi, pesa ya heri, na anayeipokea amepokea mnyama pamoja na maneno yaliyosemwa juu yake. Jarman alimtia Emlyn noti ya pauni tano kiganjani, akasema, "Usimrudishe mtu mlangoni, kijana. Mengine utajua mwenyewe." Emlyn akaipokea. Hakuna karatasi nyingine iliyomfunga kama ile noti. Mwaka aliofariki Jarman, jioni ya mazishi Emlyn alipanda ngazi na suti yake nyeusi, akalishusha jina la mzee juu ya mlango wa kliniki, akampelekea mjane wake. Jina la mtu, alisema, halifanyi kazi mwenyewe akiwa amelala.

Tarehe 7 Juni 1986 alimwoa Nesta Wigley, hapa hapa kanisani Saron. Watu walikuwa wamekaa kula nyama ya paja na viazi wakati Dilwyn Gittins wa shamba la Pant-y-garn alipotokea mlangoni na buti za tope, kofia mkononi: ng'ombe wake alikuwa ameshindwa kuzaa. Emlyn aliondoka na suti ya harusi, akarudi keki imekwisha na mkono mmoja wa koti hauna rangi ya kutajwa kanisani. Nesta akamuuliza amepata nini. Akajibu, ndama jike. "Basi apewe jina langu," Nesta akasema, "maana leo bibi harusi alikuwa mama yake." Ndama akaitwa Nesta, akaishi miaka kumi na minne, na Dilwyn hakuacha kutuma salamu: Nesta wako hajambo? Wangu anatoa maziwa. Mungu aliwajalia Emlyn na Nesta binti mmoja, Lowri.

Kazi yake mnaijua ninyi kuliko mimi. Alikuja usiku, alikuja Krismasi. Asiye na pesa alisubiriwa mpaka wana-kondoo wauzwe, na wapo humu waliosubiriwa mpaka wakasahau. Wasitazame chini, hatuwataji.

Lakini magoti yalimchosha, na Nesta akaanza kuugua moyo. Lowri alikuwa amechagua kufundisha. Daktari kijana aliyemsaidia alitaka sana kuichukua kliniki, benki ikamcheka. Mwaka 2016 ikaja kampuni, moja ya zile zinazonunua kliniki huku na kule kama mtu anayeokota mayai. Ilitoa bei ambayo hakuna mtu wa mji huu angeweza kuifikia. Tusidanganyane mbele ya jeneza: alilipwa vizuri, na aliuza kwa hiari yake. Waliahidi kwamba hakuna kitakachobadilika. Yeye abaki kama daktari wao, simu ya usiku ibaki, jina libaki mlangoni.

Siku ya kutia sahihi, Emlyn alitoa noti ya pauni ishirini, akaitia kiganjani mwa bwana wa kampuni, akamwambia maneno ya Jarman. Yule bwana akacheka. Akasema, "Wewe ni mtu wa ajabu, daktari," akaitia mfukoni. Emlyn alirudi nyumbani amefurahi, akamwambia Nesta neno limefungwa, ameipokea. Hilo ndilo kosa lake. Mtu wa hapa tu ndiye angelifanya. Alidhani kila anayefunga mkono juu ya pesa ya heri anajua amefunga nini.

Mwaka haukwisha. Simu ya usiku ilihamishiwa mji mwingine, mwendo wa saa nzima kwa gari, barabara ikiwa njema. Bei zilipanda, zikapanda tena, na kila bei mpya ilitoka ofisi ambayo Emlyn hakuwahi kuiona. Akitaka kumpunguzia mtu, kompyuta ya mezani ilikataa. Watu hawakuilaumu kampuni, kwa sababu hawakuijua. Juu ya mlango paliandikwa Bebb. Sokoni, kwenye kibanda changu cha chai, nilisikia wakisema Emlyn amekuwa na tamaa uzeeni. Nesta alifariki mwaka 2018, akiwa anaona aibu kuingia dukani.

Novemba 2019, siku ya Jumamosi, Dilwyn Gittins alimleta Nel, mbwa wake wa kondoo. Mfuko wa uzazi ulikuwa umejaa usaha, wa kupasuliwa siku ile ile. Pauni elfu mbili na mia nne, akaambiwa, nusu yake kwanza. Dilwyn akaomba asubiriwe mpaka mnada wa Jumatatu, kama alivyosubiriwa miaka yote. Binti wa mapokezi, mgeni, mtoto mpole tu, akamwambia mashine haifungui bila malipo ya kwanza. Dilwyn hakubishana. Alivaa kofia, akambeba mbwa wake. Emlyn alikuwa chumba cha ndani anashona paka. Kati yao palikuwa na mlango mmoja.

Jumatatu Emlyn alikuja kunywa chai sokoni, akamkuta Dilwyn, akamuuliza Nel hajambo.

"Nimempiga risasi," Dilwyn akasema. "Nyuma ya ghala."

Emlyn akauliza kwa nini hakumwita.

"Nilikuja kwako, Emlyn. Si jina lako lile mlangoni?"

Kaka yangu aliweka kikombe chini hakukigusa tena. Wiki ile ile aliacha kazi, na kitu kimoja tu alichokidai kwa kampuni ni kwamba washushe jina lake. Wakamjibu kwa simu, kwa adabu sana, kwamba jina lilinunuliwa pamoja na jengo na dawa. Mkataba ulimkataza pia kutibu mnyama yeyote wilaya hii kwa miaka mitano. Akawa anazunguka mashambani kama jirani tu, mikono mifukoni, akitazama wanyama wagonjwa. Nani alimwona akipita barabara kuu tangu hapo? Alizungukia nyuma ya kituo cha mafuta ili asilisome jina lake.

Pant-y-garn hakuenda. Alifika getini mara nyingi, akageuza gari.

Oktoba 2023 alipatikana na saratani ya kongosho. Madaktari walimwambia ukweli, akawashukuru, akasema yeye mwenyewe amewapa wengi habari kama hiyo, ila wagonjwa wake hawakuwa wakielewa. Lowri alirudi kumuuguza. Hakulia maumivu. Alichomuuliza kila mgeni aliyetoka mjini ni kimoja: jina bado lipo? Nasi tukamjibu bado.

Mwishoni mwa Januari Dilwyn aliingia chumbani kwake bila kubisha, na mbwa mchanga ndani ya koti. Hakumpa pole. Alimweka juu ya blanketi, akasema, "Mtazame huyu taya. Nimeambiwa limepinda."

Emlyn hakuweza kuketi. Alimpapasa yule mbwa kwa vidole, taratibu, mdomo, shingo, miguu, mpaka kwenye makucha. Akasema taya ni zima, aliyesema limepinda apimwe macho yeye.

"Unanidai nini?" Dilwyn akauliza, akatoa noti ya pauni kumi akaiweka kitandani. Emlyn akaniomba pochi yake, akatafuta humo, akapata sarafu ya pauni moja. Akaishika hewani. Sikujua kama Dilwyn angeipokea. Dilwyn akafungua kiganja, akaipokea, akaufumba mkono. Kwetu hapo hakuna la kuongeza.

Kama kampuni imemtuma mtu hapa leo, na aandike: marehemu alitibu mnyama akiwa kitandani, na alilipwa.

Emlyn alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, saa kumi na mbili asubuhi, msimu wa kondoo kuzaa, mikononi mwa binti yake. Ameacha binti, Lowri, na mkwewe Steffan. Wajukuu wawili, Mabli na Ifor. Dada mmoja, Eirlys, anayewasomea haya. Na rafiki, Dilwyn Gittins, aliyeko mbele, upande wa kulia wa jeneza. Mbwa anayelia nje ni wake, msimfukuze.

Tukitoka hapa tutapita barabara kuu, maana gari la maiti haliwezi kuzungukia kituo cha mafuta. Mtaliona jina lake juu ya mlango, herufi kubwa, limepakwa rangi mpya. Msivue kofia pale. Yeye hayumo. Yumo garini, nasi tunampeleka palipo jina lake la kweli, kwenye jiwe, karibu na la Nesta; hilo hakuna atakayelinunua.

Lala, kaka. Simu ikilia usiku huu si yako. Bwana akupe amani.