Mstari Uliokataa Kufutika

Kijiwe chetu kiko nyuma ya ukuta wa nyumba ya fundi Milimita. Ni benchi moja refu, linalotosha watu wanne wanaopendana au watatu waliokosana, na juu yake kidogo ukuta umetobolewa tundu la bomba la bati. Bomba hilo linatoka kwenye karakana yake, chumba kilichokuwa stoo ya nyumba mpaka siku alipoleta mashine ya msasa: pipa la chuma lililovikwa msasa, linalozunguka juu ya mkanda, na mkanda unaingiza ubao upande huu na kuutoa upande ule. Mashine ikiunguruma ndani, bomba linapumua unga wa mbao vichwani mwetu. Tumezoea. Tunafunika vikombe kwa viganja, tunanyamaza mpaka inyamaze, kisha kila mtu anaokota sentensi yake pale ilipomdondoka. Asubuhi hiyo ya Jumamosi iliunguruma mara tatu kabla kahawa haijashuka moto. Mara ya tatu Milimita akatokea mlango wa pembeni, amekumbatia ubao kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali, akausimamisha mbele yetu.

— Tazameni, akasema. — Halafu mniambie kama ni macho yangu.

Hayakuwa macho yake. Ubao ulikuwa mwekundu uliokolea, laini, wa kutamani kuulalia. Lakini kutoka mwanzo hadi mwisho ulipitiwa na mstari mweusi, mwembamba, ulionyooka kuliko kitu chochote kilichojengwa mtaani kwetu.

Profesa, ambaye ni kinyozi, aliutazama jinsi anavyotazama kisogo cha mteja mgeni.

— Umeungua.

— Najua umeungua. Nauliza kwa nini.

— Kwa sababu ya moto, akasema Rubani. Rubani anaendesha mashine ya kuinua mizigo ghalani. Hajawahi kupaa zaidi ya mita nne, ila anazungumza kama mtu anayeona mbali.

— Moto umetoka wapi, Rubani? Ndani hamna hata kiberiti.

— Hilo ndilo la kujiuliza.

Milimita akafuta jasho. Jina lake lilitokana na kauli yake moja: kazi yoyote unayomkuta nayo, imebaki milimita moja tu iishe. Siku hiyo kauli hiyo haikumtoka kwa raha. Ubao ule ulikuwa uso wa meza ya kazi ya marehemu baba yake, fundi wa randa na mikono, aliyekufa bila kushika mashine. Mama yake aliutunza chini ya kitanda miaka mitatu, kisha akautuma kwa mwanawe na neno moja: nitengenezee meza ya kulia chakula. Na leo, kwa basi la saa sita, mama mwenyewe alikuwa anakuja kuiona. Alikuwa hajawahi kuingia karakana ile tangu mashine ifike. Alisema mashine haipigi msasa, inakwangua tu kama mtu mwenye njaa anavyokwangua sufuria.

— Mama akiona huu mstari, akasema Milimita, sitamweleza kitu akanielewa. Atasema si aliniambia.

— Umekosea wapi? akauliza Birika, muuza kahawa wetu, akimmiminia kikombe.

— Sijakosea. Nimeteremsha pipa kidogo kidogo, robo mzunguko wa mkono wa mashine kila safari. Msasa namba themanini, ule wenye meno. Na kazi ilianza vizuri. Huku pembeni palikuwa na kibonyeo, kama mtu alikuwa anatwangia njugu. Safari tatu tu, kibonyeo kwisha. Nikafurahi. Kugeuka hivi, mstari.

— Ubao ulikuwa na unene gani? akauliza Profesa.

— Milimita thelathini na mbili.

— Na sasa?

— Ishirini na saba. Kibonyeo kilikuwa kirefu.

Profesa akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue somo limeanza.

— Sikilizeni. Mbao ni nywele. Kila kichwa kina upande nywele zinakolala. Ukimnyoa mtu kinyume na mlalo, ngozi inawaka. Wewe umeunyoa ubao kinyume.

— Kwa hiyo?

— Geuza. Kichwa kiwe miguu, miguu iwe kichwa. Uingize hivyo.

— Itabaki milimita moja tu iishe, akasema Milimita, akaingia.

Mashine ikaunguruma. Tukafunika vikombe. Unga ukatushukia kama baraka ambazo hatukuziomba. Akatoka.

Mstari ulikuwepo. Ila ulikuwa umehama. Mwanzo ulikuwa karibu na ukingo wa kushoto. Sasa ulikuwa karibu na ukingo wa kulia.

Birika akaupitishia mstari kidole, akakitazama.

— Umetusikia, akasema Rubani polepole.

— Nani?

— Mstari. Tulipokuwa tunaujadili, ulikuwa pale unasikia. Ukahama.

— Rubani, mstari hauna masikio.

— Basi wewe nieleze umehamaje.

Profesa alitaka kueleza, akafungua mdomo, akaamua kuujaza kahawa.

— Geuza tumbo, Birika akashauri. — Uufiche. Upande wenye mstari uwe chini ya meza. Mama hatakula chini ya meza.

Hilo lilikuwa na akili, na kwa kuwa lilikuwa na akili sote tulilitilia shaka, lakini Milimita akalichukua. Akaingia. Mashine ikaunguruma. Akatoka na uso umemsawijika.

— Upo na upande huu.

Tukainuka wote. Tukautazama ubao mbele, tukautazama nyuma. Mstari huku, mstari kule.

— Umepenya, akasema Birika.

— Haujapenya, akasema Profesa. — Huo ni mshipa. Mti ulikuwa na mshipa mkuu, unatoka mzizini mpaka kwenye jani la mwisho. Fundi kaufikia. Ukiendelea kukata, utatoa kitu.

— Kitu gani?

— Sitaki kuwatisha.

— Imebaki ngapi? akauliza Rubani.

— Ishirini na tatu, akasema Milimita. Alishasahau kusema imebaki moja.

— Basi acheni mambo ya mishipa. Huu mstari unakimbia. Kinachokimbia hakifukuzwi kwa nyuma, kinakatiwa njia. Sisi ghalani tukiwa na kasha linaloteleza, hatuliingii moja kwa moja. Tunaliingia mshazari. Ingiza ubao mshazari, mstari ujue unakwenda mbele, kumbe unakwenda pembeni. Utachanganyikiwa.

— Hiyo ya mshazari hata aliyeniuzia mashine aliisema, akakubali Milimita. — Alisema ukiingiza ubao umeinama kidogo, msasa haupati moto sana.

— Umeona. Ila yeye hakujua sababu.

Akaingia. Tukafunika vikombe, na mimi nikaona juu ya kahawa yangu pamefanyika utando mwekundu ambao kiganja hakikuuzuia. Nikaunywa. Asubuhi ile hatukuwa watu wa kuchagua.

Ubao ukatoka na mstari uleule mweusi, mwembamba, ulionyooka. Safari hii ulikuwa umelala mshazari, kutoka pembe moja kuelekea pembe ya pili.

— Nilisema utachanganyikiwa, akasema Rubani. — Angalia ulivyolala.

— Lakini upo.

— Upo, ila hauko sawa.

Jua lilikuwa limefika usawa wa paa. Milimita aliketi pembeni ya benchi, ubao mapajani, akajiinamia, kidevu juu ya kiganja. Aliutazama mstari bila kupepesa. Sikumbuki kumwona akiwa amekaa zaidi ya dakika moja kabla ya siku hiyo.

Ndipo Birika akatoa yake, na alipotoa yake hata Profesa alisogea kumpisha.

— Ni umeme.

— Umeme umefanyaje?

— Umeme wa asubuhi. Watu wamelala, hakuna aliyeutumia, umejaa kwenye nyaya mpaka umekuwa mzito. Unaingia kwenye mashine wote kwa mkupuo, lazima uchome. Ule wa jioni umeshapita kwenye majiko na redio za watu, umelainika. Dawa ni kuupunguza. Majirani wapige pasi.

— Wapige pasi nini?

— Chochote. Hata nguo zilizonyooka.

Ningependa kuandika kwamba tulicheka. Tuligawana nyumba. Rubani alichukua nyumba tatu za kushoto, Profesa tatu za kulia, na kila mlango waliofika waliomba kwa heshima kwamba, kwa ajili ya mama wa Milimita, pasi ziwashwe. Watu wetu si wabaya. Mmoja alichomeka pasi mbili. Mwingine hakuwa na pasi, akawasha jiko la umeme na kulikalisha tupu. Birika akasimama katikati ya njia, akapunga mkono, na Milimita akabonyeza swichi.

Mashine haikuunguruma. Ilinung'unika. Mkanda ulivuta ubao mpaka katikati, ukachoka, ukasimama, huku pipa likiendelea kuzunguka mahali pamoja kama mtu anayerudia swali. Mpaka Milimita aizime, ubao ulikuwa umechimbwa bonde katikati, la kulaza kijiko.

— Sasa umeme ulikuwa mwepesi mno, akasema Birika kwa sauti ndogo.

— Hilo bonde litatoka vipi? nikauliza.

— Bonde halitolewi, akasema Rubani. — Unatoa kila kitu ambacho si bonde, mpaka bonde likose pa kukaa.

Na hivyo ndivyo ilivyofanyika, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Pasi zikazimwa. Safari baada ya safari, robo mzunguko baada ya robo mzunguko, bomba likatumwagia unga mpaka nyusi za Profesa zikawa nyekundu. Milimita akatoka na ubao ameubeba kwa mkono mmoja. Asubuhi aliukumbatia kwa miwili.

— Kumi na tano, akasema.

Bonde halikuwepo. Mstari ulikuwepo.

— Hodi hapo.

Alikuwa mama mfupi, kitambaa kichwani, kikapu mkononi, ndara za mpira miguuni. Basi la saa sita lilikuwa limefika saa tano.

— Shikamoo mama, tukasema kwa pamoja, tukikung'uta mabega.

— Marahaba. Mbona mmekuwa wekundu?

Mama akautazama ubao, akautazama mstari, akamtazama mwanawe. Milimita alikuwa ameshaandaa maelezo, nilimwona akiyapanga midomoni, lakini mama hakumpa nafasi.

— Huu mstari unatoka palepale kila mara?

— Hapana mama, unahama. Nikigeuza ubao, unahamia upande wa pili.

— Ukigeuza ubao. Na mashine unaigeuza?

— Mashine haigeuki, mama.

— Na msasa wenyewe mmeutazama?

Profesa akatazama kikombe. Rubani akatazama angani, mahali ambapo kwa jina lake alipaswa kuwa na majibu.

Mama akavuka kizingiti cha karakana kwa mara ya kwanza. Tukamfuata, tukasimama mlangoni. Milimita alizima umeme, akafunua kifuniko. Pale kwenye pipa, karibu na ukingo, palikuwa na utomvu ulioganda juu ya msasa, mweusi, unang'aa, upana wa ukucha. Kila ubao ulipopita chini yake, ulichomwa palepale. Tulikuwa tumeshinda asubuhi nzima tukifuta mstari ambao mashine ilikuwa inauchora upya.

Mama akavua ndara moja.

— Zungusha kwa mkono. Taratibu.

Milimita akazungusha pipa, na mama akausugua msasa kwa soli ya mpira. Utomvu ukatoka vipande vipande, ukaanguka kama makoko ya wali.

— Baba yako alikuwa anamaliza ndara zangu hivi, kwa kusafisha msasa wake wa mkono, akasema. — Wewe ulidhani zinaisha kwa kutembea?

Safari za mwisho zilikuwa mbili tu, moja kila upande. Ubao ukatoka safi pande zote mbili, milimita kumi na tatu, hauna mstari, hauna doa. Tuliulaza juu ya benchi la kijiwe. Milimita alisimama akingoja, mikono nyuma kama mtu anayesomewa matokeo.

Mama akaupitishia kiganja. Akafika mwisho, akarudi. Akaugeuza, akapapasa tena, taratibu zaidi, akiishia kila mara kwenye pembe ileile.

— Laini, akasema. — Sikutegemea. Na kile kibonyeo kiko wapi?

Milimita akapapasa pembe ileile.

— Kilichokuwa hapa pembeni, akasema mama. Ndipo baba yako alipokuwa anaweka kiwiko akifikiria kazi. Nilitaka nikikaa kula, niweke na mimi.

Profesa alikuwa ameanza kujikung'uta unga begani. Mkono ukamsimama hewani, akaushusha bila kukung'uta. Birika, kwa kukosa la kufanya, akainamisha birika juu ya kikombe alichomwekea mama. Likatoa tone moja, na machicha.

Rubani ndiye aliyekohoa.

— Mama, samahani. Kilimchukua muda gani kukifanya?

— Miaka thelathini na moja.

— Peke yake?

— Na nani tena?

Rubani akahesabu kwa vidole, akarudia.

— Sisi tuko watano pamoja na mwanao. Kila asubuhi tupo hapa, na kazi hatujaanza, tunafikiri tu. Tukiweka viwiko kwa pamoja, ni miaka sita na ushee.

Alikuwa hatanii. Akapiga magoti mbele ya benchi, akaweka kiwiko kwenye pembe ile, kidevu kiganjani, akafikiri. Profesa akaweka chake karibu. Birika akaweka birika chini, akajibana. Nami nikapata nafasi ndogo ukingoni, na upande wa pili Milimita akainama, akaweka chake.

Mama alitutazama muda mrefu. Mdomo wake ulikuwa unapigana na kitu, sijui kicheko au kingine.

— Siyo mkono huo, akasema. — Alikuwa anaegemea wa kushoto.

Tukabadilisha mikono. Milimita peke yake hakubadilisha. Wake ulikuwa tayari wa kushoto.