Mgeni Kwao

Basi lilipotoka Al Mansoura, mtaa wa Doha, Loice, muuguzi kutoka Kakamega, alikuwa bado anafoka kwenye simu. Alipokata, jirani yake wa kiti, soja wa kulinda hoteli aitwaye Benard, akamuuliza kama kuna msiba nyumbani.

"Si msiba, ni dharau! Msichana wangu ameongoza darasa lake hapa Doha. Chuo kikuu cha serikali, kwetu kabisa, kimemnyima ufadhili wa waliofaulu, eti hakufanyia mtihani Kenya. Tena wanamtoza karo ya wageni, mara mbili ya wenzake. Mtoto wa Kakamega, mgeni Kenya?"

Abiria wa mbele wakageuka. Loice hakujali.

"Pole, dada," Benard akasema. "Lakini kijana wangu alisoma kule nyumbani, shule isiyo na maabara. Wako amesomea darasa lenye kiyoyozi. Ukiwashindanisha, hapo kuna haki?"

"Kwani nilikuja huku kustarehe?" Loice akawaka. "Nyumba nimejenga kule, ushuru nalipa kule. Pesa zangu wanazipokea kama za mwenyeji, mtoto ndiye wanamwita mgeni!"

"Hasira yako naielewa. Kukuunga mkono ndiyo siwezi."

Basi likasimama karibu na kliniki ya Al Wukair, kazini kwa Loice. Akainuka kushuka, akaona haya kidogo kwa kumpigia kelele baba wa watu.

"Wako alipata huo ufadhili?"

"Wapi! Alikosa."

Loice akasita mlangoni. "Wangu amekosa, wako amekosa. Sasa walimpa nani?"

Mlango ulipofungwa, sasa Benard ndiye aliyekuwa ameanza kukasirika.