Nyasi Chini ya Tuta

Akina mama wa Lundo, nawasalimu kwa jina la Bwana, na wakubwa wangu shikamooni. Nimeteremka kutoka milimani Mbinga kuyasema haya huku ziwani, kwa sababu kwetu sijayasema. Kama humu yumo mtu wa kwetu, namwomba ayaache hapahapa. Mnacheka! Mimi ni mtu wa kushuku tangu zamani.

Mwaka juzi mvua ilibomoa ngolo za jirani yangu wa juu, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, na maharage yake yakaporomoka. Asubuhi ile nilikuwa nimepita pale na jembe. Basi akasema mbele ya jumuiya: "Huyu ndiye aliyechokoa matuta yangu. Ana kijicho." Hakuna aliyeniuliza. Nikaachwa nje ya ngokela, kazi yetu ya kulimiana kwa zamu, nami ni mjane. Bila ngokela shamba langu lingelala pori, na wanangu wangelala njaa.

Ndugu zangu, nawaambia, nilimshuku kila mtu. Akinisalimia, najiuliza anataka nini. Asiponisalimia, nasema ndiye huyo. Mama mmoja mzee wa jumuiya akanijia: "Mwanangu, usijitetee. Mkabidhi Mungu." Nikamshuku naye: huyu katumwa!

Siku moja nikapanda shambani kwa jirani kupeleleza. Msinitazame hivyo, sikwenda kusali. Nikafukua tuta lililobomoka. Ndani hamna hata unyasi mmoja! Kwetu mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza, mwanamke hufukia udongo juu yake. Tuta la udongo mtupu halihimili mvua, kila Mmatengo anajua. Ushahidi huo! Nikainuka nikamwite mwenyekiti wa jumuiya.

Ndipo nikaelewa. Msimu ule wa kulima mumewe alikuwa mgonjwa kitandani, hakukuwa na wa kufyeka, naye aliona aibu kusema. Nikimwita mwenyekiti, nasafika mimi, wanaumbuka wao. Nikamkumbuka Bwana Yesu alivyonyamaza mbele ya Pilato. Nililia kwa hasira, sitawadanganya. Kisha nikafyeka nyasi, nikazilaza, nikaanza kufukia.

Jirani akatokea. "Unafanya nini shambani kwangu?"

"Nafukia, dada."

Akazitazama zile nyasi. Akajua kwamba nimejua. Akachukua jembe, tukafukia pamoja. Wiki iliyofuata ngokela ikaja kwangu, yeye mbele.

Hajaniomba radhi hadi leo, na siku nyingine bado namtazama kwa jicho la pembeni. Namshukuru yule mama mzee niliyemdhania vibaya, nanyi nawashukuru kwa kunisikiliza. Ukionewa, mkabidhi Mungu hata ule ushahidi ulioushika mkononi. Wangu niliufukia kwa jembe langu mwenyewe, na juu yake yakaota maharage ya mwenzangu.