Historia ya Wilmot wa Pili wa Shamba la Withy

Baba kasisi, ndugu wa karibu na wa mbali, majirani wa Combe Withy, na wewe Bwana Tapper, msimamizi wa bwana wa ardhi, ambaye tunakuona umesimama mlangoni ingawa viti vipo, familia imenipa mimi, Nicholas Furse, mkwe wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na imenitaka niyasome kama yalivyokuwa, jambo ambalo hadi juzi nisingethubutu.

Marehemu Wilmot Pascoe alizaliwa tarehe 9 Februari 1614 katika nyumba ya Withy, akiwa mtoto wa pili wa mzee John Yeo na mkewe Grace. Naona mnatazamana, maana kitabu cha ubatizo kinasema Wilmot Yeo alizaliwa mwaka 1611, na kitabu hakikukosea, huyo alikuwa mwingine.

Mzee John alikuwa amempa bwana wa ardhi karibu kila alichokuwa nacho, akapewa shamba la Withy kwa uhai wa watu watatu, yaani yeye, mkewe, na binti yao wa kwanza, Wilmot, ili shamba libaki kwao maadamu mmoja wao anavuta pumzi, na siku wa mwisho akikata roho lirudi kwa bwana. Wengi hapa mmeshika mashamba kwa namna hiyohiyo, na wengi mmeweka mtoto mchanga awe wa mwisho kwa sababu ana miaka mingi mbele, mkisahau kuwa watoto wa kijiji hiki hawajawahi kumwahidi mtu kitu. Mwezi Desemba 1613 yule mtoto alikufa kwa homa, mama yake akiwa na mimba kubwa, na mzee John hakwenda kanisani kuomba apigiwe mtoto kengele ya msiba, bali alinyanyua jiwe la mekoni, akamlaza mtoto chini yake, akalirudisha, kisha akawaambia majirani mtoto yuko kwa bibi yake ng'ambo ya mto. Alipozaliwa wa pili alimwambia mkewe, "Huyu ndiye Wilmot, na asikusikie mtu ukisema vingine." Hakubatizwa, kwa kuwa mtu habatizwi mara mbili, na alifichwa ndani hadi umri wa watoto wale wawili usingeweza kutofautishwa kwa macho.

Kuhusu elimu, marehemu alifundishwa kusoma Zaburi na mama yake kando ya meko, kijiji kikiwa hakina shule ya wasichana, na wote waliokua naye wanakumbuka kwamba akiitwa alinyamaza kidogo kabla ya kuitika, kama anayempisha mwenzake. Kazi yake ilikuwa kusokota sufu na kutengeneza jibini, na jibini lake mmelila na mkalisifu, wala hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini paka wa Withy walilala zizini wakati wa theluji badala ya kusogelea meko.

Baba yake alifariki mwaka 1629, na bwana wa ardhi akamchukua ng'ombe dume bora kama ilivyo haki yake kila mwenye shamba anapokufa. Tarehe 2 Juni 1636 marehemu alifunga ndoa na Digory Pascoe, mjenzi wa kuta za mawe, aliyetaka kumhamishia mjini, lakini mama yake alisema tu, "Nenda, mwanangu, ila huyu mwenzako utamwachia nani?" Hakwenda. Digory ndiye aliyehamia kwa mkewe, akataniwa na kijiji kizima kuwa yeye ndiye aliyeolewa, na faraghani alimwita mkewe Wa Pili, jina ambalo marehemu alilipenda kuliko yote. Walijaliwa watoto watatu, aliyebaki hai ni mke wangu Thomasin, aliyejifunza kutembea mwaka 1639 akizunguka meko na mkono mmoja ukiwa juu, kama mtoto anayeongozwa na mkubwa kidogo kuliko yeye, na hapakuwa na mtu. Mama Grace alifariki mwaka 1641, tangu hapo shamba likasimama juu ya jina la Wilmot peke yake, na Digory akafuata mwaka 1660.

Marehemu alianza kuugua kifua Septemba 1674, na alipoona hali imekuwa mbaya alituita akatueleza haya yote. Mke wangu alilia akamwambia, "Mama, ukilitoa hilo tutafukuzwa kabla udongo wa kaburi haujakauka." Akajibu, "Mtafukuzwa vilevile. Mimi sitaki kuzikwa nikiwa mtu mwingine." Tulimwahidi, na kusema kweli hatukuwa na nia ya kutimiza. Alifariki tarehe 14 Januari 1675.

Kesho yake Bwana Tapper alifika kufanya desturi, asimame kizingitini amwite mwenye uhai wa mwisho mara tatu, na asipoitika azime moto na kufunga nyumba, nasi vyungu vilikuwa tayari kwenye mkokoteni. Aliita, "Wilmot, binti wa kwanza wa John Yeo, upo?" Kimya. Aliita tena, kimya, na marehemu alikuwa mezani mbele yetu, taya limefungwa kitambaa. Alipoita mara ya tatu, sauti ya mtoto asiyejua bado kutamka vizuri ilisema kutoka chini ya jiwe la mekoni, "Nipo."

Bwana Tapper aliuliza, "Nani kasema?" Mke wangu akamjibu, "Uliyemwita, Bwana." Akasema, "Basi kaitika, na desturi ni desturi," akaondoka bila kuchukua hata kuku, nasi tukashusha vyungu.

Tunamshukuru tabibu Joan Veale kwa dawa na uvumilivu, majirani kwa kuni na sharubati ya tufaha, wasokotaji wenzake waliomshonea sanda, na wewe baba kasisi kwa kukubali kumzika asiyebatizwa. Wilmot wa Pili, leo unazikwa kwa jina lako, tulikupenda, pumzika kwa amani. Na wewe Wilmot wa kwanza, tuna watoto wadogo na hatuna pa kwenda, tunakusihi, wewe usipumzike.