Debe Halina Kosa: Miaka Ishirini na Mitatu ya Ndugu Koleta Lugembe

Ndugu Koleta Lugembe anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1979, baada ya kulitumikia Ghala la Ushirika wa Asali hapa Ipuli kwa miaka ishirini na mitatu. Miaka sita ya mwisho ameifanya kazi huku akivunja amri ya ofisi kila siku, mchana kweupe. Nimeombwa nimsifu, nami nitamsifu kwa hilo hasa.

Alitoka Kigwa mwaka 1956, akaajiriwa kuosha sakafu. Warina asali walileta asali yao kwa vilindo vya magome, nasi tukaihamishia kwenye madebe ya kupeleka madukani. Debe likishatumika mara moja na kurudishwa tupu lilitupwa nyuma ya ghala. Koleta aliliangalia rundo lile kwa wiki moja, akashindwa kuvumilia. Aliyasugua madebe kwa majivu na maji ya moto, akayaanika, kisha akaingiza kichwa ndani ya kila moja na kunusa. Debe safi lilirudi kazini. Lililokuwa limetiwa mafuta ya taa huko dukani, likabaki na harufu yake, alilitoboa kwa msumari papo hapo, asije mtu akalijaza asali, akampelekea fundi wa koroboi. Machicha ya nta yakaziba nyufa, magunia yaliyochakaa yakawa madekio. Uhuru ulipofika, bendera yetu tuliisimika pale palipokuwa jaa.

Akapandishwa kuwa mkuu wa vyombo, na hapo hatukupona. Alipekua hata makapu ya taka ya ofisini. Mimi binafsi nimewahi kurudishiwa penseli iliyobaki urefu wa kidole gumba, mbele ya wageni.

Mwaka 1973, msimu wa asali umepamba moto, alikwenda Kigwa matangani. Kazi ya kunusa akaachiwa Mzee Mabruki, mtu mwema sana, ila amevuta ugoro tangu ujana wake na pua yake haijui tena tofauti ya waridi na moshi. Madebe kumi na mawili yakaenda Nzega, kwa Bwana Darwesh mwenye duka. Yalirudi na lori lile lile. Asali yote ilinuka mafuta ya taa.

Meneja wetu wa wakati ule alihamaki. Akatoa waraka: madebe yote ya zamani yatupwe shimoni, na kuanzia hapo asali ifungwe kwenye mifuko ya nailoni. Koleta aliporudi alikuta shimo limekwisha chimbwa. Alifunga banda la madebe, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, akasimama mlangoni.

“Shikamoo, Meneja,” alisema. “Iliyokosa ni pua. Debe limefanya nini?”

Alipewa barua ya onyo, kisha ya pili, kisha ya tatu. Najua, maana mimi ndiye niliyezipiga chapa. Ya tatu ilisema wazi kwamba akiendelea atafukuzwa bila kiinua mgongo. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Akazisoma zote, akazikunja, na kesho yake akaja kazini saa moja kamili na ndoo ya majivu.

Nailoni haikumaliza msimu. Mifuko ilipasuka njiani, lori likafika Nzega linachuruzika, na nyuki wakiwa abiria. Mfuko uliochanika hauoshwi wala hauzibwi. Yote ikatupwa shimoni, shimo likajaa, ikachomwa, na moshi wake ukatukohoza Ipuli nzima. Mwisho meneja alimtuma dereva kwa Koleta kuomba madebe mia mbili. Yeye mwenyewe hakuja, na radhi hakuomba. Koleta akafungua banda. Madebe yalikuwa yamepangwa, yamenuswa, yako tayari.

Meneja alihamishwa. Waraka haujafutwa hadi leo. Ndiyo maana nasema dada yetu huyu anastaafu akiwa mvunja amri, na sisi aliotuachia ndoo na msumari tunakusudia kuendelea kuivunja. Atakayekuja na nailoni atatukuta mlangoni.

Ahsante, Dada Koleta. Kigwa ikupokee kwa heri, mizinga yako ijae, na usikose hata siku moja debe la kunusa.

Limebaki moja, na ninaliungama leo kwa mara ya kwanza. Waraka ule niliuchapa nakala mia tatu za kubandika na kupeleka matawini. Koleta alizichukua mezani kwangu, akasema karatasi nzuri hivi upande mmoja haujaguswa, akazihifadhi bandani. Meneja sikumwambia. Juzi amenipa zote kwa ajili ya sherehe hii. Ndugu msomaji, igeuze karatasi uliyoishika.

Anton Shilinde, karani