Damu Iliyopimwa Haikuwa Yangu

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu wote habari za asubuhi. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha kliniki amenibana tangu mwezi uliopita niwasimulie, nami nimekuwa nikimkwepa kwa sababu habari yenyewe ina aibu. Leo nimekubali. Mkitaka kucheka, chekeni, nimeshazoea.

Mimi ni mchinjaji, nauza nyama hapa Dunda. Katika kazi yetu, bwana afya akija kukagua nyama, ini halimpiti. Analigeuza, analichanja, akiona vivimbe anatikisa kichwa, na ini lile linakwenda kufukiwa. Kwa hiyo siku niliyokwenda kumtolea damu shemeji yangu aliyejifungua, nikaambiwa nina virusi vya homa ya ini, wala sikusikia maneno mengine. Nililiona shimo tu.

Daktari alinieleza kwa upole. Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu yoyote, na kwa baadhi yetu vikaleta saratani ya ini. Akanianzishia vidonge, akasema kila baada ya miezi sita nitolewe damu waangalie dalili ya saratani, na tumbo nalo lipigwe picha. Nilikwenda mara mbili, nikawa salama. Mara ya tatu aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akasema, "Kiwango cha ile dalili kimepanda kidogo. Inawezekana si kitu. Rudi wiki ijayo tupime tena damu, na picha tupige."

Ndugu zangu, nawaambia, mimi damu siiogopi, nimekulia kwenye damu. Lakini wiki ile nikiiona kadi ya kliniki jasho linanitoka. Mke wangu kila asubuhi, "Baba watoto, unakwenda lini?" Mama yangu, ambaye tunakaa naye, akaweka nadhiri: majibu yakiwa mema, atachinja mbuzi na kuita watu kwenye dua. Nyumba nzima ikawa inaingojea damu yangu.

Mnajua nilifanya nini? Nilimfuata binamu yangu, mtu wa rika langu, nikampa kadi nikamwambia, "Nenda kanitolee wewe." Alibisha, nikambembeleza mpaka akalegea. Kadi haina picha, na aliyekuwa anatoa damu siku ile hanijui. Majibu yakarudi mazuri kabisa. Ile picha ya tumbo nikasema nitapiga siku nyingine.

Mama alilia kwa furaha. Alhamisi mbuzi akaletwa, na mchinjaji ni nani? Ni mimi. Wanawake wako uani wanakuna nazi, wananipongeza. Nikachuna, nikapasua, nikalitoa ini. Mkono ukaligeuza wenyewe, kwa mazoea. Lilikuwa laini, halina hata doa. Hapo ndipo moyo ulipolipuka. Nikajiambia, ini la mbuzi umelikagua, lako umelikimbia. Nikakaa chini palepale nilipokuwa.

Dua ilipokwisha mama akaniletea sahani yenye ini la kukaanga. "Kula mwanangu, fungu lako hili."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Ile damu si yangu."

Nilitegemea kofi. Yeye akaiweka sahani chini, akajifunga khanga yake vizuri. "Basi hujapimwa," akasema. "Inuka."

Wageni bado wanakula, sisi tuko kwenye bajaji. Hospitali nilikiri kila kitu, na nikasemwa, nilistahili. Mama alisimama mlango wa maabara mpaka akaiona sindano imeingia kwenye mkono wangu.

Kiwango kilikuwa kimepanda sana. Picha ikaonyesha kivimbe kidogo kama korosho. Daktari akanionya kwamba damu peke yake haitoshi kusema ni saratani, akanipeleka Dar es Salaam kwa vipimo vikubwa zaidi. Siku zile za kungoja nilikuwa mtu mbaya nyumbani. Nilimfokea mke wangu kwa ajili ya chumvi, halafu nikajifungia chooni nikalia.

Ilikuwa saratani. Lakini bingwa alisema, "Tumeiwahi. Ni ndogo, na ini lililobaki lina nguvu. Tunaweza kuikata." Wakaikata. Na kumbukeni, wenzangu, mpaka siku naingia chumba cha upasuaji sikuwa naumwa popote. Ningengoja maumivu ndiyo yaniite, leo mngekuwa mnaniombea rehema.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, aliyeniinua. Mke wangu, aliyenivumilia na makelele yangu. Madaktari na wauguzi, ambao niliwadanganya na bado wakanitibu. Binamu yangu nimemwomba radhi, na yeye kwa hofu ile amekwenda kupata chanjo ya homa ya ini, na nyumba yake yote. Nanyi mliokuja kunitazama bila kuniuliza maswali, asanteni sana.

Ninachowaomba ni kimoja: tarehe yako ya kupimwa ikifika, nenda, hata kama unatetemeka. Msidhani mimi nimepona woga. Leo ni zamu yangu kupimwa tena, na kadi nimeificha mfukoni nisiione. Majibu siyajui. Nikitoka hapa nakwenda moja kwa moja maabara. Kama kuna mwenzangu hapa anaogopa kama mimi, asione haya, asimame twende wote.